Jenga Unachoweza Kukiezeka

Pita Goba, Madale, Chanika, Kivule au Mbande, jijini Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi, uangalie maboma. Kuta za tofali zimefika kwenye mkanda na kuishia hapo. Madirisha ni matundu matupu, sebuleni umeota mpapai, na tofali za juu zimegeuka kijani kwa mvua za masika kadhaa. Kwenye kuta nyingi utasoma maandishi ya rangi nyekundu: Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli.

Maboma hayo ni mishahara ya watu. Ni ya mwalimu, muuguzi, askari, karani wa benki na dereva wa serikali, waliokopa kazini au kutoa fungu lao la VICOBA wakiamini kwamba nyumba ndiyo kinga ya uzeeni. Imani hiyo si potofu. Tatizo ni kwamba fedha zile zimesimama. Boma halina mpangaji, halilipi ada ya mtoto, na kila mwaka linapungua thamani huku mkopo ukiendelea kukatwa kwenye mshahara. Yale maandishi ya ukutani yanataja janga la pili, la kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili au watatu.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya mfanyakazi anayetaka kuwekeza kwenye ardhi na nyumba bila kuacha kazi yake. Anayo nafasi nzuri kuliko anavyodhani, ila inamtaka aanze na vitu viwili ambavyo wengi huviruka: kuhakiki karatasi kabla ya kutoa fedha, na kujenga kitu kidogo anachoweza kukimaliza.

Uwekezaji wa namna hii si jambo geni mjini kwetu. Kariakoo, Ilala na Magomeni zilijengwa hivyo. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani kulikuwa na jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba alikaa na familia yake katika chumba kimoja au viwili, vingine akavipangisha kwa wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa viwandani. Asubuhi naye alikwenda kazini kwake kama wapangaji wake. Mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, nyumba nyingi za namna hii zilisalimika, kwa kuwa thamani yake ilikuwa ndogo na mwenyewe alikuwa akiishi humo humo. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na mwaka 1990 likachukua majumba yaliyokuwa ya Msajili. Lakini shirika moja haliwezi kuupa makazi mji ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu 5,383,728. Mji huu unalala kwenye vyumba vya watu binafsi, na miongoni mwa wenye vyumba hivyo wamo wafanyakazi.

Silaha ya mfanyakazi ni mshahara unaoingia kila mwezi, hata vyumba vikikaa vitupu. Mfanyabiashara wa nyumba asiye na kipato kingine akikosa wapangaji miezi mitatu anatetereka. Mwalimu akikosa wapangaji miezi mitatu bado anakula, bado anasubiri, na halazimiki kuuza kwa bei ya kutupa. Kinachompungukia ni muda. Ofisi za ardhi zinafunguliwa saa alizo darasani au wodini. Fundi anafanya kazi siku ambazo yeye hayupo. Dalali anajua hilo, na ndiyo maana humpigia simu saa saba mchana kumwambia kuna mteja mwingine njiani na fedha mkononi. Haraka ya namna hiyo imewaliza watu wengi. Kiwanja kinachouzwa kihalali kinaweza kusubiri wiki mbili za uhakiki, na kama hakiwezi, kiache kiende.

Tukae kidogo kwenye ardhi, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kuimiliki na kuitumia. Ikiwa kiwanja kimepimwa na kumilikishwa, haki hiyo inathibitishwa na hatimiliki ya miaka 33, 66 au 99. Katika maeneo yaliyojengwa bila kupangwa, ambayo mitaani tunayaita skwata, zimetolewa leseni za makazi za muda mfupi. Kijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila. Kila karatasi ina uzito wake. Karatasi nyepesi kuliko zote ni ile ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba anamfahamu muuzaji na kwamba wawili hao wameuziana mbele yake. Hana rejesta ya kumwonyesha nani mmiliki wa kiwanja.

Basi kama kuna hatimiliki, chukua nakala, nenda kwa Msajili wa Hati uombe upekuzi rasmi. Ada yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya kiwanja. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama hati imewekwa dhamana benki, na kama kuna zuio lililosajiliwa. Kama kiwanja kimepimwa lakini hakina hati, nenda idara ya ardhi ya halmashauri na namba ya kitalu na ya kiwanja, uulize kimemilikishwa kwa nani na ramani ya mipango miji inasema ni cha matumizi gani. Wapo waliouziwa eneo la wazi, wapo waliouziwa uwanja wa shule. Kama eneo halijapimwa, mlipe mpima ardhi achukue majira ya nukta ya pembe zake na kuyalinganisha na michoro ya mipango miji, ili ujue kama barabara ya baadaye inapita katikati ya chumba chako cha kulala. Na ukiuziwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, pima tena kwa futi kamba. Hatua za muuzaji na hatua zako hazilingani.

Kimara inatosha kuwa fundisho. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, ziliwekewa alama ya X na kubomolewa kupisha upanuzi. Hifadhi hiyo ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Waliobomolewa walikuwa na umeme, walikuwa na maji, na wengi waliishi hapo miaka mingi. Nililolichukua mimi pale, na ningependa kila anayeanza alichukue, ni kwamba mita ya LUKU na bomba la maji si ushahidi wa umiliki. Mashirika yanakuunganishia huduma tu. Hayakuhakikishii kiwanja.

Bonde la Msimbazi ni fundisho jingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu Jangwani na mabonde mengine, na baadhi yao wakapelekwa Mabwepande. Mwishoni mwa mwaka 2015 ikafuata bomoabomoa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Kiwanja cha bondeni kinauzwa kwa bei ndogo wakati wa kiangazi, na dalali atakupeleka wakati huo huo. Nenda ukakione mvua ikinyesha. Waulize wanaouza vitumbua na mkaa jirani maji yalifika wapi masika iliyopita. Hao hawana kamisheni.

Jambo jingine linahusu familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo usikubali kusikia tu kwamba mama amesafiri au baba yuko mkoani. Msubiri, umwone, asaini. Kama mwenye shamba amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama watoto wote wamekaa kikao na kukubaliana. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mrithi aliyesahauliwa anaweza kukufuata ukiwa umeshaezeka, umepangisha na umezoea.

Karatasi zikiwa safi, mpe wakili aandike mkataba, na humo muandike nani analipa nini. Muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, kwa kawaida asilimia 10 ya faida, na hati ya uhamisho inatozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1. Msipoandika, mtagombana mbele ya dirisha la TRA.

Sasa tuje kwenye ujenzi, na kwenye hesabu ambayo wengi hawataki kuipiga.

Chukua mfano wa muuguzi aliyejenga vyumba sita vya kupangisha kwa Sh30 milioni, kiwanja kikiwemo, na kila chumba kinapangishwa Sh60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni Sh4,320,000. Hakuna vyumba vinavyojaa mwaka mzima, kwa hiyo toa pango la mwezi mmoja, zinabaki Sh3,960,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya zuio ya pango, zinabaki Sh3,564,000. Toa Sh400,000 za kunyonya shimo la choo, kubadili vitasa, kuziba bati linalovuja na kupaka rangi mpangaji anapohama. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida ni Sh1,500 kwa mwezi tangu mwaka 2023, nayo inakatwa kwenye LUKU. Kodi ya pango la ardhi nayo ipo. Mkononi zinabaki kama Sh3.1 milioni, yaani asilimia 10 hivi ya alichowekeza.

Si mbaya. Lakini hatifungani za Serikali za muda mrefu, zinazouzwa na Benki Kuu, zimekuwa zikitoa riba ya zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, wala hazihitaji fundi. Nalisema hili wazi kwa sababu nimechoka kuona wafanyakazi wakiambiwa kwamba nyumba ndiyo uwekezaji pekee wa mtu mzima. Nyumba inaishinda hatifungani ikiwa kiwanja kitapanda thamani, pango litapanda na miaka, na vyumba havitakaa vitupu. Masharti hayo matatu yanategemea mahali. Ukikosea mahali, ungekuwa umefanya vizuri zaidi kukaa nyumbani na kununua hatifungani.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini boma ni hasara kubwa. Sh30 milioni zikikaa kwenye kuta zisizoezekwa miaka mitano, muuguzi wetu amekosa zaidi ya Sh15 milioni za pango. Na wengi hukwama kwa sababu moja: walianza na ramani ya nyumba kubwa. Vyumba vinne, sebule mbili, kibaraza cha nguzo, yote kwa mshahara wa mtu mmoja. Msingi peke yake ukameza mkopo.

Kujenga kwa akili ni kuchora ramani nzima, kuombea kibali cha ujenzi, kisha kuijenga kwa vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kulala mtu. Anza na vyumba viwili vyenye choo ndani, mitaani tunaviita self. Viezeke, vipige lipu, weka milango, vuta umeme, weka mpangaji. Miezi sita ya pango la mbele inalipia tofali za vyumba viwili vinavyofuata. Mwenye boma tayari anaweza kufanya vivyo hivyo: achague upande mmoja wa nyumba, auezeke peke yake na aupangishe, huku upande mwingine ukisubiri. Fundi atakwambia nyumba itaonekana vibaya. Itaonekana vibaya mwaka mmoja au miwili, na wakati huo wote itakuwa ikilipa.

Kuhusu mikopo, mikopo ya nyumba ya muda mrefu ipo, na tangu mwaka 2010 kuna kampuni ya TMRC inayoyapa mabenki fedha za kuitoa. Hata hivyo mikopo hiyo inataka hatimiliki, na riba zake zimekuwa kati ya asilimia 13 na 19. Linganisha na asilimia 10 ya mfano wetu. Pango haliwezi kulipa mkopo wa namna hiyo, utalipwa na mshahara. Kwa hiyo mfanyakazi anayeanza asikope kwa kutegemea wapangaji. Utaratibu wa utumishi unataka theluthi moja ya mshahara ibaki kwako kila mwezi. Kwa anayejenga hiyo ni ndogo mno. Ningependa ibaki nusu, kwa kuwa saruji itapanda bei katikati ya kazi na mtoto ataugua siku ya kumwaga jamvi.

Mahali pa kujenga panachaguliwa na miguu ya mpangaji. Anatembea dakika ngapi hadi kituo cha daladala au mwendokasi? Maji yanatoka? Njia inapitika usiku na wakati wa mvua? Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Kigamboni mwaka huo huo, ramani ya wapangaji ilibadilika. Kigamboni pia inatufundisha subira, maana mradi wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwaacha wakazi miaka mingi bila kujua kama wajenge au wasijenge. Usinunue kwa sababu ya tangazo la mradi. Nunua unapoona lami na nguzo.

Tena usitegemee aina moja ya mpangaji. Aliyejenga kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliona mwaka 2017 mabweni mapya yenye nafasi 3,840 yakifunguliwa ndani ya chuo. Aliyetegemea watumishi wa wizara aliwaona wakihamia Dodoma baada ya uamuzi wa mwaka 2016, na wenye nyumba wa Dodoma wakaneemeka. Vyumba vinavyomfaa mwanafunzi, fundi cherehani na mama mwenye mtoto mmoja vitapata mtu kila wakati.

Mwenye nyumba wa mwisho wa wiki anahitaji utaratibu kuliko ukali. Mkataba wa pango uandikwe, hata kwa mdogo wako. Pango lipite kwenye simu au benki, libaki kwenye kumbukumbu. Kila chumba kiwe na mita yake ya umeme, au angalau submita, kwa sababu ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia kwenye LUKU ya pamoja na yule mwenye pasi na jokofu. Na kwa kuwa kodi ya majengo inakatwa anaponunua umeme, mrudishie mpangaji fedha yake au muihesabu kwenye pango. Ni deni lako. Kama una ndugu anayekusimamia, mpe malipo yanayojulikana kila mwezi. Shemeji anayesimamia bure atajilipa mwenyewe, na hapo utapoteza pango na shemeji pamoja.

Sijasahau ile miezi sita ya pango la mbele. Inamsaidia anayejenga, ndiyo, lakini inamwumiza kijana anayeanza kazi, ambaye mshahara wake wa kwanza hata mwezi haujafika. Anayemwamini mpangaji mzuri kwa miezi mitatu mitatu ana nafasi kubwa ya kukaa naye miaka, na mpangaji wa miaka ana thamani kuliko Sh10,000 unazoongeza kwa kila mgeni.

Kuna ombi kwa halmashauri na Wizara ya Ardhi. Kliniki za Ardhi zimesaidia watu kukutana na maofisa wote mahali pamoja. Madirisha ya upekuzi na ya mipango miji yakifunguliwa pia Jumamosi moja kila mwezi, maelfu ya wafanyakazi wataacha kununua viwanja kwa imani tu, na mabaraza ya ardhi yatapumua.

Na kwako unayepokea mshahara mwisho wa mwezi huu: usitafute kiwanja bado. Omba ruhusa ya nusu siku kazini, nenda idara ya ardhi ya halmashauri yako, ukaulize taratibu za upekuzi, ada zake na mitaa ambayo ramani zake zimeidhinishwa. Ukirudi na majibu hayo, ndipo umpigie dalali.